Mwili Wenye Magoti Kumi

Mizani ya kiwanja cha nyungo ilisema kilo sabini na nane. Bangili ya Shangazi Zamoyoni ikasema sitini.

"Hapa kuna mmoja anadanganya," alisema Kapteni Ntibashima. Akaitazama mizani, akaitazama bangili, kisha akanitazama mimi, kana kwamba hizo kumi na nane za katikati nilizila mimi.

"Kapteni, mimi nimemsindikiza tu," nikasema.

Shangazi alikuwa bado juu ya mizani. Alishavua viatu, hereni, mkufu na mtandio, na naamini kama kungekuwa na koleo karibu angeng'oa na lile jino lake la dhahabu. Bangili ikaongea tena, kwa ile sauti yake tamu ya mtangazaji wa salamu za mchana: "Umepungua mno, mpendwa. Ongeza kula."

"Umesikia?" Shangazi akaniuliza. "Eti nimepungua."

Kapteni alijifuta jasho. Ujiji nzima ilikuwa inachemka siku ile, na yeye amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka viganjani. "Zamoyoni, unarusha vizuri kuliko wote niliowafundisha. Lakini ungo ukishabeba damu na dawa, rubani hazidi sabini na tano. Ukizidi, feni zinakohoa katikati ya ziwa. Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, ndiyo safari ya kwanza. Ukizidi hata nusu kilo, nafasi nampa mwingine wa njia ya kaskazini, na kusini kutasubiri mwaka ujao. Sitaki, ila nitampa."

Ungo wenyewe una jina refu la kiserikali ambalo hakuna anayelikumbuka. Ni chombo cha duara, feni nne chini, kiti kimoja kati. Siku ya kwanza kilipopaa juu ya soko, akina mama wakasema huo ungo, na jina likanata. Bibi zetu walituambia kwamba wachawi husafiri kwa ungo. Walichosahau kutuambia ni kwamba wachawi hawakupimwa uzito.

Shangazi hakuitaka ile kazi kwa ajili ya sare. Alikuwa muuguzi miaka kumi na miwili katika kijiji cha kusini mwa ziwa, kule ambako barabara bado ni ahadi ya uchaguzi. Alishashika mikono ya akina mama waliojifungua wakasubiri damu ya boti, na boti haikufika. Hapendi kuwataja. Ila kila akiuona ungo, macho yake yanakuwa ya mtoto aliyeona mzigo wa zawadi.

Ndiyo maana alichomwa sindano ya Kiasi, ile ya kupunguza uzito, inayokuja na bangili ya kuusoma mwili. Alipokuwa kwenye mafunzo mjini Kigoma, analala bwenini, anakula kantini, kilo zilimtoka kama wapangaji wasiolipa: kutoka tisini mpaka sabini na sita. Karudi nyumbani Ujiji, wiki tatu tu, sindano ikalala. Kilo mbili zikarudi. Na njaa ikarudi na mabegi yake.

Njiani nikamtajia niliowashuku. "Sindano feki."

"Nilichomwa hospitali, Mwavita."

"Basi unakula kwa siri."

"Wewe si ulilala mlangoni pa jiko juzi, kama mbwa wa mlinzi? Ulinikamata?"

Kweli sikumkamata. Nilichokamata mimi ni mafua.

*

Mtaani kwetu hatuli mmoja mmoja. Tuna kikoa. Leo anapika huyu, kesho yule, na alasiri tunakutana kwenye sinia moja barazani kwa Mama Hidaya. Tuko watano: Mama Hidaya mwenyewe, ambaye kicheko chake kinasikika mpaka kituo cha treni, binti yake Hidaya, rika langu, Shangazi, mimi, na Bi Nyamizi, bibi yangu wa jirani.

Bi Nyamizi na mimi ni wake wenza. Marehemu mumewe, Mzee Songoro, aliniita mke wake mdogo tangu nikiwa nimefungwa nepi. Siku ya msiba Bi Nyamizi aliniita pembeni akaniambia, "Eda nitakaa mimi. Wewe una mitihani." Baada ya hapo utani ukamwisha, na kula kukamwisha. Mwaka mzima alikuwa anakuja kwenye kikoa kwa adabu tu, anamega matonge mawili, anakunywa maji, anaaga. Mikono ikawa kama miwa.

Lakini wiki hizi alikuwa amebadilika. Siku ile, zamu ya Mama Hidaya, sinia lilikuja na mlima wa ugali wa muhogo, sombe ya kisamvu iliyopikwa kwa mawese na migebuka ya kukaanga. Bi Nyamizi hakungoja karibu ya pili. Akamega, akachovya, akafumba macho.

"Taratibu, Bibi," nikamwambia. "Samaki kafa, hakimbii."

"Nyamaza, mke mwenzangu. Sogeza kichwa hicho huku."

Shangazi naye alikuwa anakula huku ameinamisha macho kama anayeiba. Ndipo bangili ikaongea.

"Pumzisha goti la kushoto, mpendwa. Lile la tatu."

Mikono yote ikasimama juu ya sinia. Mama Hidaya akacheka mpaka sombe ikapita njia isiyo yake, ikabidi apigwe mgongoni.

"Imelewa," alisema Bi Nyamizi, akarudi kwenye kichwa chake cha samaki.

"Goti la kushoto," alisema Mama Hidaya akipangusa machozi, "ni mimi ninayeumwa. Nililitegua kwenye ngoma ya mwali. Hilo likapumzishwe kwangu."

Mimi sikucheka. Kitu kilinigonga kichwani, na vitu havina mazoea ya kunigonga huko. Nikaushika mkono wa Shangazi, nikaisogelea bangili.

"Samahani. Huu mwili una magoti mangapi?"

"Kumi."

"Na matumbo?"

"Matano."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Hukuuliza, mpendwa."

Hesabu ya kidato cha nne nilipata D. Lakini hata D inajua kwamba magoti kumi ni watu watano. Nikatazama sinia. Vidole vitano vitano vinakutana kwenye bakuli moja la sombe. Nikaitazama sketi yangu, ambayo zipu yake ilianza kukataa kupanda, nikakumbuka jinsi nilivyomlaumu dobi. Nikamtazama Bi Nyamizi, mashavu yameanza kurudi. Nikaweka tonge chini. Kwa mtu kama mimi, kuacha tonge ni dalili ya ugonjwa, na Shangazi aliiona.

*

Fundi wa Kiasi alipokea simu akiwa Dodoma. Nikaiweka sauti juu, tumekaa chumbani mimi na Shangazi, mlango umefungwa.

"Ndani ya sindano kuna chembe," alieleza. "Ndogo kuliko vumbi, tumeziunda sisi. Zinapima mwili, zikiona umezidi zinapunguza njaa, zikiona umepungua zinaongeza. Na kwa kuwa watu wetu wanakula kwa mkono, tumezifundisha zitoke kwenye jasho la vidole, zionje chakula kabla hakijafika mdomoni. Tulipewa tuzo kwa hilo."

"Hongereni," nikasema. "Na vidole vya watu wawili vikikutana?"

"Vikutane wapi?"

"Kwenye sinia."

"Kwani hamna sahani?"

"Zipo kabatini, zinasubiri wageni wa maana. Ukija wewe tutakutolea."

Nikasikia anabofya, anapumua, anabofya. Kisha sauti yake ikapanda kama ya mtu aliyekuta nyoka kitandani na bado akavutiwa na rangi yake. Chembe za Shangazi zilikuwa zimehamia kwa wenzake kupitia mboga. Kila alasiri zikikutana zinasalimiana, na kwa kuwa hazijafundishwa kwamba watu wanaweza kula pamoja hivyo, zikaamua kwamba wale wote ni mwili mmoja. Mwili huo, ukigawa kwa watano, una kilo sitini. Zenyewe ziliagizwa sabini na nne. Basi zinahangaika kuunenepesha.

"Kwa hiyo haikuacha kufanya kazi," alisema Shangazi polepole.

"Inafanya kazi mno, mama. Ila inamhudumia mtu asiyekuwepo."

Nikajiona mjanja. "Basi tukiwaalika wale mama wanne wa kikundi cha ngoma, wale wa mia na kitu kila mmoja? Mwili utazidi, chembe zitapunguza njaa."

"Itawezekana kabisa. Njaa itakata kwa wote."

"Wote?"

"Wote. Si mwili mmoja?"

Shangazi akatikisa kichwa kabla sijamgeukia. Bi Nyamizi alikuwa na kilo arobaini na moja, na tano kati ya hizo zilikuwa za wiki tatu zilizopita.

"Njia rahisi," fundi akaendelea, "nabonyeza hapa. Chembe zote zilizo nje ya mwili wa mteja zinalala, zinatoka kwa njia ya kawaida. Halafu mteja awe anakula kwa kijiko. Hakuna atakayejua. Nibonyeze?"

Nilimtazama Shangazi, Shangazi akaitazama simu. Kubonyeza ni neno dogo. Tungeamka kesho, Bi Nyamizi asingekuwa na hamu ya kula, na tungesema ni huzuni imemrudia, masikini. Nani angetuuliza?

"Usibonyeze," alisema Shangazi. "Nafasi ipo na mwaka ujao. Nyamizi ni mmoja."

"Na wale wa kule ziwani, Shangazi? Wao watasubiri mwaka ujao?"

Akazungusha bangili mkononi. Nami sikuwa na raha ya kushinda.

"Ngoja kwanza," nikamwambia fundi. "Kuna mtu hatujampigia hodi."

*

Tulimkuta uani kwake anapepeta dagaa kwa ungo wa asili, ule usio na feni.

"Karibuni. Mke mwenzangu, mbona umevaa uso wa polisi?"

Shangazi akamweleza yeye mwenyewe, amekaa kwenye mkeka, hakuruka kitu. Bi Nyamizi aliendelea kupepeta. Makapi yakaruka, dagaa wakabaki. Alipomaliza kuelezwa, akaweka ungo chini.

"Walipiga hodi?"

"Akina nani, Bibi?" nikauliza.

"Hao wageni. Wamelala tumboni kwangu wiki tatu."

"Hawakupiga."

Akaguna. Akaokota kijiwe kwenye dagaa, akakitupa mbali kuliko ilivyohitajika. "Yule mgebuka wa Jumanne nilimla mpaka macho. Nikatoka pale nikaenda makaburini. Nikamwambia, Songoro, usihangaike tena, njaa imerudi, na mimi nimerudi. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu." Akanigeukia. "Sasa nijibu, wewe uliyesoma. Yule samaki, nani alimla?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Nina jibu la mwenye nyumba, nina jibu la konda, nina jibu la wachumba.

"Sijui, Bibi."

"Basi wakae," Shangazi akaingilia. "Mimi urubani nitauacha. Wakae, ule."

"Zamoyoni, usinibebeshe mimi ungo wako. Watu wanasubiri damu, wewe unasubiri mimi nimalize samaki?" Akanyoosha kiganja. "Lete hiyo simu."

Nikampigia fundi, nikampa.

"Wewe ndiye mwenye wageni?" Bi Nyamizi akamuuliza. "Bonyeza, mwanangu. Kama njaa ni yangu, itabaki. Kama ni yao, waondoke nayo. Na siku nyingine upige hodi."

"Nisamehe, Bibi," sauti ya Dodoma ikasema, ndogo kabisa.

"Umekula?"

"Bado, Bibi."

"Nenda ukale."

*

Siku ya kwanza bila chembe, Bi Nyamizi alimega matonge mawili, akanywa maji, akaaga. Siku ya pili, moja na nusu.

Hakuna aliyetania. Hata Mama Hidaya, tuliyemweleza mambo yote yeye na bintiye, alikuwa anacheka kwa kukopa. Shangazi alikaa kwenye sinia na kijiko chake kama mkaguzi kutoka wizarani. Mizani ilikuwa inashuka, sabini na saba, sabini na sita na nusu, naye alikuwa anaipokea kila habari kama hati ya kuitwa mahakamani.

Siku ya tatu nikamwona anaweka kijiko pembeni. Akavitazama vidole vyake. Bakuli la sombe lilikuwa hatua moja tu, na Bi Nyamizi alikuwa ametazama upande wa barabara. Mchovyo mmoja ungetosha. Chembe zingefanya kazi iliyobaki. Shangazi akainua macho, akakuta macho yangu yapo. Tukatazamana. Kisha akakiokota kijiko, akakishika kwa nguvu ya mtu anayeshika mwiko wa ugali wa harusi.

Siku ya nne ikawa zamu yangu kupika.

Niseme ukweli: mtaa mzima huwa unaiogopa zamu yangu. Siku ile mawazo yalikuwa mbali, na chumvi ilikuwa karibu. Nikatia, nikasahau, nikatia. Nikapeleka sinia barazani, tukanawa, tukasema bismillahi. Bi Nyamizi akaweka tonge mdomoni.

Akaacha kutafuna.

"Nani kapika?"

"Mimi, Bibi."

"Uvinza wamebakiza chumvi, au umeileta yote?"

Hidaya akaanza kukohoa. Bi Nyamizi akameza kwa shida, akaninyooshea kidole. "Chakula hiki, marehemu angekila?"

"Angekisifia, Bibi."

"Angekisifia, ndiyo, mwongo yule. Mke mdogo kapika, mke mdogo kapika. Halafu angekuja kwangu kwa mlango wa nyuma kuomba maji." Akasimama. Magoti yakalia, akayapuuza. "Ondoeni takataka hii. Mama Hidaya, jiko lako lina moto?"

"Lina moto, mama."

"Mgebuka upo?"

"Upo."

Akaingia jikoni. Tukabaki na sinia letu la aibu, tunasikia sufuria zinagombana, kisu kinakata kitunguu kwa hasira, mawese yanaanza kuimba. Harufu ikatoka mlangoni ikatukuta kila mmoja alipo. Akatoka amebeba bakuli kwa kanga, jasho linamtiririka.

"Kuleni chakula cha watu," akasema, akakaa, akamega.

Tonge la kwanza. La pili. La tatu. Hapo Hidaya alitaka kusema neno nikamfinya paja. La nne akalichovya mpaka vidole vikazama. Kisha akavuta kichwa cha samaki, akakivunja katikati, akafyonza, na mchuzi ukamtiririka mpaka kiwikoni. Hakikusalia kitu, hata macho.

Akainua uso akatukuta wanne tumeduwaa, matonge yako hewani.

"Mnanitazama nini? Hamjawahi kumwona mtu ana njaa?"

Shangazi alijifanya kuna kitu kimemwingia jichoni. Mama Hidaya akaachia kile kicheko, chake kamili, cha kufika kituo cha treni.

"Ni njaa yako, Bibi?" nikauliza.

Akafikiri, akilamba kidole gumba. "Hasira ni yangu. Njaa imekuja nyuma yake, imeshika upindo." Akanigeukia kwa ukali. "Lakini usizoee. Zamu yako ijayo tutasimamiana."

*

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mizani ikasema sabini na nne na nusu. Kapteni Ntibashima akaisoma kwa sauti, akaisoma tena kwa raha yake mwenyewe, shati lake la mikono mirefu likiwa limelowa.

Kikoa kizima kilikuja. Mama Hidaya alibeba kiti chake kabisa. Masanduku ya damu yakafungwa kwa mikanda, na Shangazi akapanda kati, sare mpya, lile jino la dhahabu likimeta mbele kuliko taa. Kabla ya kuwasha akanyanyua mkono wenye bangili.

"Huu mwili una magoti mangapi?"

"Mawili, mpendwa."

Akashusha mkono. "Machache hayo," akasema.

Feni zikavuma, kanga zetu zikaruka, na ungo ukapanda bila kukohoa. Ukapita juu ya miembe, ukainama kuelekea kusini, ukawa duara, ukawa kifungo cha shati, juu ya maji yaliyotulia. Kapteni akashika kipaza sauti, macho yamelowa, akiusingizia upepo.

"Ungo namba tatu, toa taarifa."

"Mzigo salama, Kapteni. Naiona pwani yote."

Kabla Kapteni hajajibu, Bi Nyamizi akakinyakua kipaza sauti mkononi mwake, bila hodi. "Zamoyoni. Huko uendako migebuka ni minono. Usirudi mikono mitupu."

"Bibi, uzito," Kapteni akalalamika. "Kuna sheria."

"Sheria yako ilimpima alipokuwa anaondoka. Ya kurudi uliitaja?"

Kapteni akanisogelea, akainama, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kikoa chetu kinapokea wanaume. Yeye hula peke yake, na chakula cha peke yake hakina mazungumzo. Alipokuwa anajifuta jasho, mkono wa shati ukapanda, na chini yake nikaona bangili.

"Karibu sana, Kapteni," nikamwambia. "Ila uje na kijiko."